Dats Eastlands: Kisome Kishale Chako Kabla ya Kukichomoa

Katika baa nyingi za Eastlands, Nairobi, kuanzia Makadara hadi Kayole, bodi ya dats hutundikwa pale palipobaki: ukutani karibu na mlango wa choo, taa moja juu yake, televisheni ya mpira upande wa pili. Mchezaji anasogea kwenye laini, anarusha vishale vitatu kwa pupa, kisha shingo inageuka kutazama nani kafunga bao. Habari zake analetewa na mwandishi aliyesimama kando ya bodi na chaki mkononi: "Ishirini na sita!" Jamaa anachomoa vishale na kurudi kwenye kiti chake. Ukimuuliza kishale cha pili kilitua wapi, hana jibu.

Mkono wake huenda hauna kasoro kubwa. Kinachomkwamisha ni kwamba amemwachia mtu mwingine kazi ya kuona. Jumla ya pointi inamwambia amepata nini, haimwambii kilichotokea. Na kilichotokea ndicho pekee anachoweza kukirekebisha kwenye zamu inayofuata.

Bodi ya dats pia haihifadhi ushahidi. Mpiga shabaha wa bunduki anaweza kwenda nyumbani na karatasi yake, akayahesabu matundu polepole mezani. Bodi ya kisasa ni nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja, ncha zake zikimwelekea mrushaji. Kishale kikiingia, nyuzi hupisha. Kikichomolewa, hurudi na kujifunga. Aina hii ilianza kuenea miaka ya 1930, ikachukua nafasi ya bodi za mbao ambazo zililazimika kulowekwa majini ili zisikauke na kupasuka. Kenya ina mkono wake katika jambo hili: bodi za Winmau, ambazo ndizo hutumika kwenye mashindano ya dats ya kulipwa ya shirika la PDC, hutengenezwa hapa nchini, na mkonge wenyewe ni zao linalojulikana sana Taita Taveta na Kilifi. Uzuri wa mkonge ni kudumu. Kwa anayetaka kujifunza, una gharama yake: ukichomoa vishale kabla hujavisoma, umefuta kila kitu.

Wanaolenga shabaha kwa bunduki nyepesi za kuwindia wanalijua vizuri tatizo hili la kutoona pigo lilipotua. Bunduki iliyopunguzwa uzito ili ibebeke milimani hupiga teke kali. Mtutu unaruka, darubini inaiacha shabaha, na wakati risasi inapotua mpigaji anatazama mawingu. Ama awe na mwenzake pembeni wa kumweleza imeangukia wapi, ama ajifunze kujipanga nyuma ya bunduki sawasawa, kitako kikiwa kimekaa vyema begani, ili teke lirudi moja kwa moja na jicho lisitoke kwenye shabaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na bunduki si chombo ambacho mkazi wa Umoja au Jericho anakipitisha getini akielekea mazoezini. Shabaha ya mtaani ni hii ya mkonge. Sheria ya kuiona ni ile ile: anayetulia baada ya kuachilia ndiye anayeona.

Anayedhani dats ni mchezo wa kupotezea saa za jioni alijibiwa Desemba 2025. David Munyua, daktari wa mifugo, aliingia Alexandra Palace jijini London akiwa Mkenya wa kwanza kucheza Ubingwa wa Dunia wa PDC. Mpinzani wake, Mbelgiji Mike De Decker, aliyeshinda World Grand Prix mwaka 2024, alichukua seti mbili za kwanza. Munyua akachukua tatu zilizofuata na kushinda 3-2. Mtu aliyeachwa seti mbili hana muda wa kusubiri aelezwe anakosea wapi. Anajisahihisha akiwa amesimama pale pale kwenye laini.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kuanza aanze na vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha kosa dogo lina ukubwa gani. Katikati ya buli, kile kiduara cha katikati ya bodi, panapaswa kuwa mita 1.73 kutoka sakafuni. Laini iwe mita 2.37 kutoka uso wa bodi, ikipimwa sakafuni. Trebo ya 20, sehemu ndogo nyembamba inayoleta pointi 60, ina kimo cha milimita 8 na upana wa kama milimita 32. Sasa fanya hesabu: kishale kikitoka mkononi kimepinda digrii moja tu upande, kwa umbali huo kitatua kama sentimita 4 mbali na ulipolenga. Hapo umeshatoka kwenye 20 kabisa na uko ndani ya 5 au ndani ya 1. Digrii moja haisikiki mkononi. Kwenye bodi inaonekana wazi, mradi kuna anayetazama.

Kutazama kunaanzia kwenye kichwa. Ukichunguza wachezaji wengi wa baa, utawaona wakifanya jambo moja bila kujijua: kishale kikitoka, kichwa kinakwenda nacho. Wengine hunyanyua kidevu kuchungulia, wengine huinamisha bega, wengine huwa tayari wameshashusha mkono kuchukua kishale kingine. Kishale hakimalizi hata nusu sekunde hewani, lakini katika muda huo mfupi macho yao yamehama. Dawa yake haina ufundi mkubwa. Mkono ukishaachilia, uache umenyooka kuelekea ulipolenga, vidole vimefunguka, hadi usikie kishale kimegonga mkonge. Kichwa kisisogee. Mguu wa nyuma usinyanyuke. Kishale cha pili kisiondoke mkono wa kushoto mpaka macho yamekisoma cha kwanza.

Jicho lenyewe nalo linafundishika. Mwaka 1996 mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichunguza macho ya wachezaji wa mpira wa kikapu wakirusha mipira ya adhabu. Alikuta kwamba mahodari hukazia macho sehemu moja ya ringi mapema na kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurusha, ilhali wengine macho yao huzurura. Kwenye dats maana yake ni kwamba usilenge "20" kwa jumla. Chagua kitu kidogo, waya wa chini wa trebo kwa mfano, ukitazame, kisha ndipo mkono uanze safari.

Kuna zoezi moja ambalo linazidi mengine yote, na ni la bure. Kila kishale kikiondoka, taja kwa sauti kinakwenda wapi kabla hakijagonga au mara tu kinapogonga, kwa jinsi ulivyohisi vidoleni: "chini, upande wa 1". Kisha tazama. Mwanzoni hisia na bodi vitapingana sana. Baada ya jioni kadhaa vitaanza kukubaliana, na hapo ndipo mchezaji anapoanza kujua kosa lake kabla halijaandikwa ubaoni. Wenzako mezani wataona unaongea peke yako. Waeleze unachofanya na huenda wakajiunga.

Ukishaweza kuona kishale kimoja, jifunze kusoma vitatu kwa pamoja. Waliopanga namba za bodi walikuwa wakali kwa makusudi: 20 imewekwa kati ya 5 na 1, na 19 kati ya 7 na 3. Kwa sababu hiyo jumla fulani hurudi kila jioni, na kila moja ina maana. Ile 26 maarufu ni 20, 5 na 1: vishale vimetawanyika kushoto na kulia, kimo kikiwa hakina shida. Anayepata 26 mara kwa mara aangalie kiwiko chake na miguu yake. Ama kiwiko kinatoka nje ama mwili unayumba. Ile 45 ya 20, 20 na 5 ni hadithi tofauti: viwili vimekwenda sawa, kimoja kimevutwa kushoto. Ukiona 41, yaani 20, 20 na 1, kimevutwa kulia. Je, ni kile cha tatu kila mara? Basi huenda ni haraka ya kumaliza zamu. Na 60 iliyopatikana kwa 20 tatu za kawaida inafurahisha kaunta nzima, lakini kwa msomaji makini inasema: upande uko sawa, kimo ndicho kinachohangaika. Vishale vilivyo juu ya trebo kwa kawaida viliachiliwa mapema. Vilivyo chini yake vilichelewa kutoka vidoleni.

Tuseme fundi wa chuma anatoka kazini Kariobangi Light Industries saa kumi na mbili jioni, mikono imechoka, anaingia kucheza. Zamu ya kwanza anapata 26. Ya pili, 22: kimoja kwenye 20, viwili kwenye 1. Ya tatu, 41. Mwandishi anaandika namba tatu ambazo hazifanani. Fundi aliyesoma bodi ameona jambo moja: kila zamu kuna kishale kinachokwenda kulia. Anasogea kidogo kwenye laini, anatazama mguu wake wa mbele umeelekea wapi, anagundua umepinda kuelekea kaunta. Anaunyoosha. Hakubadilisha mkono hata kidogo, na hakuhitaji kufanya hivyo.

Mlalo wa kishale bodini ni habari nyingine ambayo wengi huipita. Kabla ya kuchomoa, tazama mikia. Mikia mitatu ikielekea upande mmoja, mkono unarudia kitu kile kile, hata kama pointi ni chache. Hapo tatizo ni la kulenga, na kulenga kunarekebishika haraka. Mikia ikielekea pande tatu tofauti, vidole vinaachilia kila mara kivyake, hata kama zamu hiyo imeleta 100. Mchezaji huyu ndiye mwenye kazi kubwa zaidi, ingawa ubao wa hesabu unamsifu. Mkia unaoning'inia chini sana unaweza kusaidiwa na mabawa mapana zaidi, kwa kuwa mabawa hushika hewa na kukinyoosha kishale kikiwa safarini. Mkia unaopigwa upande mmoja kila mara hausaidiwi na mabawa. Huo ni mshiko: kidole kimoja kinabaki nyuma.

Hapa inafaa kusema wazi kuhusu vishale vya kuazima. Vile vinavyotolewa kaunta mara nyingi ni vyepesi, vya brasi, na mabawa yake yamechakaa au hayalingani. Kishale chepesi kinadai kusukumwa kwa nguvu, na ukisukuma kwa nguvu bega linaingia, kichwa kinaruka, macho yanapoteza bodi. Ni tatizo lile lile la bunduki nyepesi, isipokuwa teke hili unalianzisha mwenyewe. Sheria za mchezo zinaruhusu hadi gramu 50, lakini wengi wa wachezaji wa kulipwa hurusha vya kati ya gramu 20 na 26. Vya tangsteni vina faida ya ziada kwa anayetaka kuona: madini hayo ni mazito zaidi ya mara mbili ya brasi, hivyo kishale cha uzito ule ule kinakuwa chembamba. Kishale chembamba hakizibi. Kwenye trebo yenye kimo cha milimita 8, kishale kinene cha kwanza kinaweza kukuzibia kabisa mahali unapolenga cha pili. Ikiwa huna pesa ya tangsteni, nunua seti moja ya brasi iliyo yako, yenye mabawa yanayofanana, na uitumie hiyo hiyo kila siku. Macho hayawezi kujifunza kutoka kwa vishale vinavyobadilika kila jioni.

Kishale kikikuzibia, una ruhusa ya kuhama. Laini inakukataza kusogea mbele. Haikukatazi kwenda hatua nusu kushoto au kulia. Hama, tazama tena, na kumbuka kwamba pembe imebadilika. Wengine huona ni rahisi zaidi kuiacha 20 na kushuka kwenye trebo ya 19, ambayo ni pointi 57, tofauti ya 3 tu.

Mahali ambapo kuona kunalipa kuliko kwingine kote ni kwenye kufunga. Mchezo wa 501, ambao pointi hupunguzwa kutoka 501 hadi sifuri, humalizika kwa dabo, na dabo ni ukanda mwembamba ukingoni unaozidisha pointi mara mbili, nao una milimita 8. Wengi hupenda kubaki na 32 ili watafute dabo ya 16, na wana sababu. Ukikosea kwa ndani ukapata 16 ya kawaida, unabaki na 16, unatafuta dabo ya 8 iliyo jirani pale pale. Ukikosea tena kwa ndani, dabo ya 4, halafu ya 2, halafu ya 1. Hesabu haikwami. Ukikosea kwa nje, hupotezi pointi yoyote, na unapata kitu cha thamani: kishale kilichosimama nje kidogo ya waya, mahali unapokiona wazi, kikikuonyesha ni kiasi gani uongeze au upunguze. Kitumie. Tazama pengo kati yake na waya, usitazame dabo peke yake.

Lakini ukikosea kwa upande? Majirani wa 16 ni 7 na 8. Kishale kikiingia 8 ya kawaida, umebaki na 24, na dabo ya 12 inakungoja. Kikiingia 7, umebaki na 25, namba isiyogawanyika kwa mbili, na lazima kwanza utafute namba witiri. 9 ya kawaida, kwa mfano, inakurudisha kwenye dabo ya 8. Mchezaji ambaye hakuona anarusha tena kwenye dabo ya 16 akiwa na 25. Akiipata, amezidisha, zamu yote inafutwa. Inatokea kila wikendi. Kwenye mashindano mwamuzi anaweza kukuambia umebaki na ngapi ukimuuliza, ila hakuambii urushe wapi.

Kabla ya kujilaumu, kagua bodi. Bodi ya baa iliyotumika miaka mingi bila kugeuzwa huwa imekufa kwenye trebo ya 20: mkonge umekauka na kutawanyika, waya umelegea, na kishale kizuri kinaanguka sakafuni. Ringi ya namba hutolewa, bodi ikazungushwa ili sehemu nyingine ya rangi ile ile ichukue nafasi ya 20, kisha ringi ikarudishwa. Ni kazi ya dakika chache, na mwenye baa anayetaka wateja wa dats awe akiifanya mara kwa mara. Taa nayo ina ulaghai wake. Balbu moja iliyo upande mmoja hurusha vivuli virefu, na kutoka mita 2.37 kivuli cha kishale huonekana kama kishale kingine. Taa mbili, moja kila upande, huvipunguza sana. Stima ikipotea na mchezo ukaendelea kwa tochi ya simu, chezeni kwa kujifurahisha tu. Usijifunze kitu kwenye mwanga huo.

Nyumbani kunawezekana zaidi ya watu wanavyodhani. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho makao ya wapangaji wengi wa Eastlands, kina mita 3.05 kutoka ukuta hadi ukuta. Ukitoa mita 2.37 na unene wa bodi, unabaki na kama sentimita 64 za kusimamia. Panabana, lakini mtu anatosha ikiwa kitanda kimesogezwa. Weka kipande kikubwa cha sponji ya godoro nyuma ya bodi: kinalinda ukuta wa mwenye nyumba, kinadaka vishale vilivyopotea, na kinapunguza mlio usiku jirani asije akabisha hodi. Watoto wasiwe chumbani wakati wa kurusha, na vishale vihifadhiwe juu wasipofikia.

Faida kubwa ya nyumbani ni kwamba hakuna anayekuharakisha. Chora bodi kwenye daftari la shule, na baada ya kila zamu weka nukta tatu kabla ya kuchomoa. Usiandike pointi. Ukurasa ukijaa nukta, utaona umbo: mstari uliolala, mstari uliosimama, au rundo dogo lililo mahali pasipo sahihi. Rundo dogo ndilo la kufurahia hata kama liko kwenye 5. Simu inasaidia ikiwekwa kwenye rafu ubavuni, ikirekodi mkono na kichwa kwa mwendo wa polepole. Usiielekeze kwenye bodi, kwa sababu bodi ni kazi ya macho yako.

Na ukirudi baa, jitolee kuandika. Wachezaji wengi huikwepa chaki, eti ni kazi ya aliyeshindwa. Lakini mwandishi husimama hatua moja kutoka bodini, mahali pazuri kuliko kiti chochote ndani ya baa, na anatazama vishale vya watu kumi bila kurusha hata kimoja. Tazama kishale cha kwanza cha kila mmoja, kisha umtazame uso: ameshakiona, au anakungoja wewe umwambie? Tazama anachofanya na cha pili baada ya kukosea cha kwanza. Ukimwona mmoja ambaye cha pili hukaribia zaidi kila mara, omba mchezo naye zamu ya mwandishi mwingine itakapofika.